Mgodi Uliofutwa Kwenye Ramani

Ukisimama Bungu asubuhi, ukungu ukishainuka, unaiona nyika ya Korogwe imelala chini yako mpaka macho yachoke. Huku juu ni migomba na chai, na baridi ya kumvalisha mtu sweta hata mwezi wa saba. Kule chini ni mkonge, safu kwa safu: Magunga, Ngombezi, na mashamba mengine mpaka kuelekea Hale. Wasambaa wengi waliikimbia kazi ya nyika ile kila walipoweza. Wajerumani waliwawekea kipande, kadi ya kuonyesha siku ulizofanya kazi, na asiyekuwa nacho alijua kitakachomfika. Baadaye, zama za Mwingereza, nyika ikajaa manamba, watu walioletwa kutoka mikoa ya mbali, wakaandikwa namba, na wakazoea kuitikia kwa namba hiyo.

Naanza na mkonge kwa sababu habari ninayotaka kuisimulia, ya urani na mionzi, ilikuwa ya miaka ileile na ya vita ileile, Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, kamba ya meli na uzi wa kufungia mizigo vikawa adimu kwa Waingereza, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Makumi ya maelfu ya wanaume wakachukuliwa kwa amri ya serikali kwenda kufanya kazi mashambani. Wengine zaidi ya 80,000 wakaingizwa jeshini. Baadhi yao, watu wa keya, yaani King's African Rifles, wakafikishwa Burma, katika misitu na matope, kupigana na Mjapani aliyesababisha mkonge wa kwao upande thamani. Kisha, Agosti 1945, vita ikakatika ghafla. Bomu moja lilikuwa limeangushwa Hiroshima, mji ukateketea.

Nani angewaambia askari wale, au manamba wa Magunga, kwamba jiwe lililotengeneza bomu hilo lilitoka Afrika? Lilichimbwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kusini-magharibi zaidi, Katanga, na watu ambao wangeweza kuketi na mtu wa Korogwe wakazungumza bila mkalimani. Kiswahili chao husema "bantu" pale sisi tusemapo "watu", lakini mngeelewana.

Mgodi huo unaitwa Shinkolobwe. Uko mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mji wa Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Jina lenyewe, kwa maelezo yanayosimuliwa, ni la tunda ambalo likishachemshwa huonekana limepoa kwa nje, na ukilibana hukuunguza kwa maji ya ndani. Mwaka 1915 mtafuta madini wa Kiingereza, Robert Rich Sharp, aliikuta hapo miamba yenye rangi za manjano na kijani na kutambua ni urani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kuchimba mwaka 1921.

Siku hizo hakuna aliyeitaka urani kwa ajili yake. Iliyotafutwa ni radiamu iliyofichama ndani yake, nayo kwa kiasi kidogo mno: tani za mawe kwa gramu moja. Gramu hiyo iliuzwa makumi ya maelfu ya dola. Mawe yalisafirishwa mpaka Olen, Ubelgiji, yakasafishwa, na radiamu ikaenda hospitali kutibu saratani na viwandani kupakwa kwenye sura za saa ili zing'ae gizani. Kule New Jersey, Marekani, wasichana waliopaka saa hizo walikuwa wakiichonga ncha ya brashi kwa midomo. Mataya yao yakaoza. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1928 kampuni ikakubali kuwalipa fidia.

Nautaja mwaka huo makusudi. Hata kabla yake, mwaka 1879, madaktari wawili wa Kijerumani, Härting na Hesse, walikwisha kuandika kwamba wachimbaji wa milima ya Schneeberg walikuwa wakifa kwa uvimbe wa mapafu. Baadaye ikafahamika kuwa mkosaji ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozaliwa na urani mwambani na kujikusanya mgodini. Mchimbaji anaivuta pamoja na vumbi, na miaka inapita kabla kifua hakijadai. Mwaka 1932 Chekoslovakia iliuhesabu ugonjwa huo wa wachimbaji wa Joachimsthal kuwa ugonjwa wa kazini, wenye kulipwa. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa hatari ya Shinkolobwe haikujulikana. Ilijulikana Ulaya, katika vitabu vya madaktari, wakati Mwafrika wa Katanga akiendelea kulichambua jiwe hilo kwa mikono mitupu.

Maisha yake yalikuwaje? Alikaa katika kambi ya kampuni. Mwanzoni Union Minière ilikuwa ikiwaleta wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, wengine kutoka mbali hata Ruanda na Urundi, na wengi walikufa au walitoroka. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ikabadili: mfanyakazi aje na mkewe, apewe nyumba, posho ya unga, zahanati, shule ya misheni kwa watoto, na mpira wa miguu jioni. Kwa macho ya wengi hayo yalikuwa maendeleo, na yapo ambayo kweli yalikuwa maendeleo. Lakini fikiri jambo dogo la nyumbani. Mume anarudi jioni, shati limejaa vumbi. Mke analikung'uta mlangoni, analiloweka, analifua kwa mikono, maji anayamwaga uani ambapo mtoto anatambaa. Vumbi la urani ni zito na lina subira. Katika kambi za namna ile mionzi haikuwa ya mgodini peke yake, iliingia nyumbani pamoja na baba.

Radiamu ilipokosa soko la kutosha, na Wakanada walipopata mgodi wao kwenye Ziwa Great Bear, Shinkolobwe ikasimamishwa katikati ya miaka ya 1930. Maji yakajaa shimoni. Hadithi ingeweza kuishia hapo.

Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akimtahadharisha kwamba urani inaweza kutengenezewa bomu la nguvu isiyowahi kuonekana, na kwamba chimbuko lake kubwa kuliko yote liko Kongo ya Ubelgiji. Mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, naye alikwisha kudokezwa na wanasayansi. Alihamia New York, na mwaka 1940, Wajerumani wakiwa wameiteka Ubelgiji, aliamuru madini yaliyokuwa tayari juu ya ardhi yasafirishwe. Tani zipatazo 1,200 zikapakiwa kwenye mapipa ya chuma na kufikishwa Staten Island, New York. Zikakaa ghalani zaidi ya mwaka mmoja. Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alikwenda ofisini kwa Sengier kuulizia urani, na baada ya mazungumzo ya muda mfupi makubaliano yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ya manjano.

Wamarekani walikuwa na sababu ya haraka. Madini ya Shinkolobwe yaliyochambuliwa kwa mkono yalikuwa na urani kiasi cha asilimia 65. Migodi mingine ya dunia ilishukuru ikipata hata asilimia moja. Wahandisi wa jeshi lao wakatumwa Katanga, maji yakavutwa, kazi ikaanza upya usiku na mchana. Mamia ya tani kwa mwezi yalitoka Jadotville kwa treni mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, yakashushwa kwenye matishari ya Mto Kasai mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, yakapakiwa tena treni ya Matadi, kisha meli. Kila kituo kilikuwa na migongo ya kubeba. Na jina la Shinkolobwe likaondolewa kwenye ramani. Majasusi wa Kimarekani waliotumwa Kongo kulinda siri hiyo walitakiwa hata neno urani wasilitamke hovyo.

Siri ile ilikusudiwa kumzuia Mjerumani asijue. Aliyeathirika nayo zaidi ni mchimbaji. Kama kitu hakipo, mwenye kukichimba ataulizaje kinamfanya nini?

Msidhani watu wale walikuwa kimya. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, kwanza upande wa Jadotville na Shituru, kisha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Bei zilikuwa zimepanda kwa vita na mishahara imebaki palepale. Tarehe 9 Desemba, Elisabethville, walikusanyika uwanja wa mpira, na askari wakawafyatulia risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pamoja na makumi ya wenzake. Madini yaliyofika New York miaka iliyofuata yalichimbwa na watu waliokwisha kuona malipo ya kudai.

Bomu la Hiroshima, Agosti 6, 1945, lilikuwa la urani. La Nagasaki, siku tatu baadaye, lilikuwa la plutoni, ambayo nayo hutengenezwa kutokana na urani. Sehemu kubwa zaidi ya urani ya mradi wa kutengeneza mabomu hayo ilitoka Kongo. Sengier alitunukiwa nishani na Marekani mwaka 1946, na baadaye aina ya madini iliyogunduliwa Katanga ikaitwa sengieriti, kwa heshima yake.

Miaka kumi na tano iliyofuata naipita haraka, ingawa ilikuwa na mengi: Vita Baridi, mgodi kulindwa kama kambi ya jeshi, mamilioni ya dola, mapipa yakienda Marekani. Mwaka 1959 Wabelgiji walifungua huko Léopoldville, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, tanuri la kwanza la nyuklia barani Afrika, dogo, la utafiti. Miaka ya baadaye fimbo zake mbili za fueli ziliibwa, na moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Mwaka 1960, uhuru ukikaribia, Union Minière ilimwaga zege kwenye midomo ya mashimo ya Shinkolobwe na kuondoa mitambo. Tarehe 30 Juni Kongo ikawa huru, na kabla ya wiki mbili kupita Katanga ikatangaza kujitenga. Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville. Katika kishindo hicho, nani angekumbuka mirundo ya mawe iliyoachwa nje ya mji wa Jadotville?

Mirundo ilibaki, na watu walibaki. Mwaka 1965, mtu mmoja wa Elisabethville, André Yav, aliandika kwa niaba ya watumishi wa majumbani historia ya mji wao, kwa Kiswahili cha hukohuko, kama walivyoijua wao na si kama mabwana walivyoiandika. Nikiikumbuka kazi hiyo natamani sana Shinkolobwe nayo ingepata mwandishi wa namna hiyo, wakati wale wa miaka ya 1940 wangali hai.

Tufike sasa miaka ya 1990. Kampuni ya serikali ya Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa imezoea kutoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Kisha yakaja machafuko, uporaji na vita. Baada ya miaka michache uzalishaji ulikuwa haufiki hata tani 40,000. Mishahara ikakoma. Hospitali na shule za kampuni, zilizokuwa tegemeo la vizazi viwili, zikadhoofika. Mtu wa Likasi aliyezaliwa kambini, asiye na shamba wala kijiji cha kurudia, akabaki na ujuzi mmoja tu: kuchimba.

Ndipo watu walipoirudia Shinkolobwe. Safari hii walikuja kwa ajili ya kobalti, ambayo imo katika miamba ileile na ambayo dunia ilianza kuililia kwa betri. Walikuja na sululu, koleo, nyundo na magunia. Maelfu walichimba, na kijiji kikaota pembeni, vibanda vya miti na turubai, mama ntilie, maduka, makanisa, watoto. Walitoboa njia za chini kwa chini bila nguzo, wakapita hata kando ya zege la Wabelgiji. Kobalti waliyoitoa ilikuwa na urani ndani yake, na wanunuzi hawakuwaambia.

Serikali ya Kinshasa ilikuwa inajua. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kuufunga mgodi. Uchimbaji uliendelea. Tarehe 8 Julai mwaka huohuo ardhi iliporomoka na kuua watu wanane, wengine wakajeruhiwa. Agosti kijiji kikabomolewa na kuchomwa, wakazi wakafukuzwa. Oktoba ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukafika na vipima mionzi, ukakuta mahame. Ripoti yao ilisema mashimo yanaweza kuporomoka tena wakati wowote, na kwamba mchimbaji anayefanya kazi pale kwa muda mrefu anaweza kupata mionzi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Lakini wale wa kuambiwa hayo walikuwa wameshatawanyika, wengine Likasi, wengine katika mashimo mengine. Hakuna aliyewapima mmoja mmoja.

Linganisha na kwingine: ajali ya tanuri la nyuklia la Chernobyl ilipotokea, Aprili 26, 1986, watu 49,000 hivi wa mji wa Pripyat walihamishwa kwa mabasi kesho yake. Walidanganywa kuwa ni kwa siku tatu, na saa 36 walizocheleweshwa zilikuwa dhuluma kubwa. Hata hivyo walihesabiwa, na wengi wao wakafuatiliwa na madaktari miaka na miaka. Ukubwa wa mionzi ya kule na ya Shinkolobwe haulingani, na nisingependa msomaji achanganye. Ninacholinganisha ni namna mtu anavyotendewa baada ya madhara. Wa Pripyat walipandishwa basi. Wa Shinkolobwe walichomewa vibanda.

Novemba 2007 tani zipatazo 17 za madini yenye mionzi, yaliyokamatwa na kuamriwa yakafukiwe Shinkolobwe, yalikutwa yametupwa Mto Mura, karibu na Likasi. Ni mto unaotumiwa na watu. Wahusika walikamatwa, habari ikavuma siku chache, ikapoa.

Je, watu wa Likasi na jirani zake wanaugua kwa sababu ya mionzi? Hapa mwandishi anapaswa kushika kalamu kwa adabu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti uliolinganisha watoto waliozaliwa na kasoro na watoto wazima mjini Lubumbashi. Walikuta kwamba baba anayefanya kazi ya madini ana uwezekano mkubwa zaidi, mara kadhaa, wa kupata mtoto mwenye kasoro. Hawakusema ni urani. Katanga hewa, maji na udongo vina kobalti, manganizi, urani na vinginevyo kwa pamoja, na kuvitenganisha katika mwili wa mtu ni kazi ngumu. Ugumu huo umezidishwa na ule ukimya wa mwanzo. Kama madaktari wa kambini wangeruhusiwa kuandika walichokiona kwenye vifua vya wachimbaji miaka ya 1940, na kukiacha wazi, mjukuu wa mchimbaji leo angekuwa na pa kushika.

Hiroshima, katika bustani ya amani, kuna kasha la jiwe chini ya mnara wa kumbukumbu. Ndani yake mna vitabu vya majina ya waliokufa kwa bomu, siku ile na baadaye. Kila tarehe 6 Agosti majina mapya huongezwa, ya manusura waliofariki mwaka huo, na sasa yamepita 340,000. Wakongomani wanaoishi Cape Town nao wamekuwa wakifanya kumbukumbu mwezi huo, kuunganisha Hiroshima na Shinkolobwe. Nimekitafuta kitabu cha majina ya wachimbaji wa Shinkolobwe na sijakiona. Hapo nilimkumbuka manamba wa Magunga, ambaye naye karani alimwandika daftarini kwa tarakimu.

Nasi tunayo urani yetu. Iko Mto Mkuju, Namtumbo, mkoani Ruvuma. Imeonekana pia Bahi na Manyoni. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous ulisogezwa ili kuupisha mradi wa Mkuju, na Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio huko Namtumbo. Tulitunga sheria ya kinga ya mionzi mwaka 1983, na tuna Tume ya Nguvu za Atomu, iliyotokana na sheria ya mwaka 2003. Hali yetu si ile ya Katanga ya mwaka 1942, na ni jambo la kushukuru.

Lakini siku nitakapofika Namtumbo, kabla ya kuonyeshwa mitambo, ningeomba kuonyeshwa mambo mawili. La kwanza ni daftari la wafanyakazi: jina kamili, kijiji, kiasi cha mionzi aliyopokea kila mmoja mwaka hata mwaka, na mahali daftari hilo litakapowekwa mgodi ukishafungwa. La pili ni mahali nguo za kazi zinapofuliwa, na nani anayezifua.